Ndiyo ya Mtu Mwingine

Nilipaswa kusema hapana. Maneno yenyewe nilikuwa nayo tayari mdomoni: "Hapana, mkubwa, watatu hatutoshi." Ningeyatamka, ninyamaze, ningoje yatakayonipata. Badala yake nilisema, "Sawa." Nilikuwa nimesimama na kofia mkononi mbele ya meza ya msimamizi wetu wa yadi, mtu tuliyemwita Mdosi kila mahali isipokuwa mbele yake. Alikuwa ameniuliza kama kikosi chetu cha watu wanne kinaweza kufanya kazi kikibaki na watatu. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza huku akichovya mkate kwenye chai. Niliutazama ule mkate ukilowa mpaka ukakaribia kukatika, nikasema sawa, nikatoka.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaokaa jioni kwenye ngazi za jengo hili ninamopanga hapa Tassia. Juzi mmoja wenu alikuwa na simu mkononi, akabonyeza mahali palipoandikwa "nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Nikamuuliza amekubali nini. Akacheka, akaniambia, "Si ni kukubali tu, mzee. Haina noma." Sikumjibu, kwa sababu jibu langu lilikuwa refu kuliko ngazi. Hili hapa sasa.

Mimi nilikuwa shanta. Wengi wenu hamjui hiyo ni kazi gani. Treni ya mizigo ikifika Nairobi huwa imefunga mabehewa ovyo: la unga, la saruji, la mbolea, la mtambo wa mtu, jingine tupu kabisa. Lazima yatenganishwe, yapangwe upya, kila moja lipelekwe kwenye ghala lake kule Industrial Area. Kichwa cha treni ndicho kinachosukuma na kuvuta, lakini dereva haoni kinachotokea nyuma. Shanta wako chini, kati ya reli, wanafunga na kufungua. Dereva anaona mikono tu. Anakwenda kwa mikono, anasimama kwa mikono, na mkono ukisema uongo, tani zote zile zinauamini.

Ndiyo yetu ilikuwa mkono mmoja ulioinuliwa wima na kutulia. Maana yake: nimemaliza, nimetoka katikati, unaweza kusogeza. Mkono ukitikisika haukuwa ndiyo. Ukiinuliwa nusu haukuwa ndiyo. Mikono miwili iliyopishana juu ya kichwa ilisema kuna mtu ndani, na hapo hata kama angepita mkubwa wa wakubwa, gurudumu halikusogea. Dereva naye alijibu kwa honi moja fupi. Bila honi hiyo hakuna kilichokubaliwa, ungesimama na mkono wako hewani mpaka bega liume.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Salim. Wazazi wake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa na kuzeekea hapa hapa Eastlands, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuone haya kufungua midomo. Alikuwa mtu wa kati. Njia ya kwenda kwenye maghala ilikuwa na kona, na penye kona palikuwa na ukuta wa ghala na rundo la mataruma ya zamani, kwa hiyo dereva hakuweza kumwona anayefunga mabehewa. Mzee Salim alisimama upande wa nje wa kona, juu ya kilima kidogo cha kokoto, mahali ambapo aliwaona wote wawili kwa kugeuza shingo tu. Kazi yake ilikuwa kurudia ishara. Shanta wa nyuma akiinua mkono, naye anainua. Wa nyuma akishusha, naye anashusha.

"Mimi hapa sina ndiyo yangu, mwanangu," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Nimekopeshwa macho tu. Nikiwa namwona ameinua, nainua. Nikiacha kumwona, hata kama ni kwa sababu nimepiga chafya, nashusha."

"Hata kama nimemwona sasa hivi?"

"Sasa hivi imeshapita, bwana wewe. Unaniambia habari za kale."

Nilidhani ni mzee anayependa kusikika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikiamini kazi ya kuinua mikono haihitaji mtu anayeweza kuandika insha. Reli ilinitoa ujinga huo mapema. Dereva wetu alikuwa Otieno, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa na rafiki ng'ambo ya ua, mama mmoja aliyeuza mandazi. Siku moja nilikuwa kwenye pointi, ile mitambo ya kubadilisha njia. Nikamwona Otieno ametoa mkono dirishani, ameuinua wima. Nikaona dereva amekubali, nikavuta pointi. Kumbe alikuwa anamsalimia mama mandazi. Behewa moja lilikuwa bado juu ya pointi. Magurudumu ya mbele yakashika njia moja, ya nyuma yakashika nyingine, likainama polepole kama ng'ombe anayelala, na mahindi yakamwagika mpaka yakafunika reli. Watu wa Makongeni walikula githeri wiki nzima na kunishukuru wakikutana nami bombani.

Otieno alishuka akatazama. "Mulwa," akaniambia, "mimi nasalimia mwanamke, wewe unaangusha behewa. Nikimuoa itakuwaje?"

Mzee Salim hakucheka. Alinivuta kando. "Ulisikia honi?"

"Sikusikia."

"Basi ulikubaliana na nani?"

Baada ya siku ile nilianza kuchunguza watu wanavyokubali. Likawa kama ugonjwa. Kwetu Ukambani mtu akiulizwa kama amekula huinua nyusi tu, na nyusi hizo zinatosha, amekula. Otieno alinyanyua kidevu. Pale Mbotela, Mama Zainabu mwenye duka alikuwa na ngazi zake za kukubali: ukimwomba akuwekee sukari mpaka kesho, akijibu "haya," amekusikia tu. Akijibu "inshallah" akikutazama usoni, sukari yako ipo. Akisema inshallah huku anafunga dirisha, nenda dukani kwingine. Vijana wa wakati huo walikuwa na "poa," nao walisema poa kwa kila kitu. Ungemwambia mmoja mama yake ameanguka, angeanza na poa ndipo akurupuke. Mzee Salim aliniambia nisijali sana neno. Niangalie kama mtu ananitazama anapolitamka. Asiponitazama, nimuulize tena.

Ile siku ya mkate na chai, mimi sikumtazama Mdosi. Naye hakuniuliza tena.

Sasa niwaeleze hofu ya miaka ile, la sivyo mtaniona mpumbavu tu. Ilikuwa miaka ya tisini, na kila mahali watu walikuwa wanapunguzwa kazini. Karani alikuja yadi asubuhi, akasimama mlangoni, akaita jina. Aliyeitwa aliweka chini alichoshika, akaenda ofisini, na mara nyingi hatukumwona tena na sare. Kwetu kazi haikuwa kazi tu. Nyumba za Makongeni zilikuwa za wafanyakazi wa reli. Ukitoka kazini, unatoka nyumbani. Nilimwona jirani yangu ametoa kitanda nje, watoto wamekikalia, mkewe anafunga sufuria kwenye shuka, na hakuna aliyekuwa analia. Huo ukimya wao ndio uliniingia. Nikawa nikimsikia karani akikohoa, naweka chini nilichoshika. Nilianza kuota jina langu likiitwa. Mke wangu Mwende aliniambia nasema "niko hapa" usingizini.

Katika hofu ya namna hiyo watu huanza kukubali kabla hawajaulizwa. Mdosi akisema mvua itanyesha, sisi sote tuliona mawingu. Akitaka mtu abaki baada ya zamu, vichwa vilitikisika kabla hajamaliza. Nami nilitikisa changu kwa bidii kuliko wengi.

Ndipo jina la Mzee Salim likaitwa. Aliteremka kilimani kwake, akapangusa viatu kwa nyasi, akatushika mikono mmoja mmoja. Aliponifikia mimi alisema, "Wataweka mtu pale. Wasipoweka, msisogeze kitu." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Nilimtazama usoni wakati huo, na nilimaanisha.

Kesho yake Mdosi akaniita ofisini.

Nilipotoka, wawili waliobaki walikuwa wananisubiri chini ya tangi la maji. Otieno, na Kyalo.

Kyalo alikuwa ndugu mdogo wa mke wangu. Kabla ya reli alikuwa mchonga vinyago, kijana mwenye mikono tulivu, anayeweza kukaa na kipande kimoja cha mti tangu asubuhi mpaka watu waanze kupika. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye vinyago. Nilikwenda kwao Kitui nikakaa na mama mkwe wangu, nikamwambia kuchonga si maisha, reli ina nyumba na pensheni, nami nitamwangalia kijana kama mwanangu. Yule mama alinitazama muda mrefu, akasema, "Mchukue." Ilikuwa ndiyo kamili, imetolewa macho kwa macho. Kyalo akawa ndiye anayeingia katikati ya mabehewa na kuunganisha mipira ya breki. Alikuwa shanta mzuri kuliko mimi. Hakuwahi kuvaa shati lililolegea. Hakuwahi kuegemea behewa. Akifunga mpira aliweka sikio karibu, na akisikia hewa inavuja hata kidogo, alirudi akaufunga upya, kwa sababu nilimwambia kuwa breki inayovuja inaua watu wa mbele usiowajua.

"Mdosi amesemaje, shemeji?" aliniuliza chini ya lile tangi.

"Tutafanya watatu. Tumekubali."

"Tumekubali na nani?"

"Nimekubali mimi, kwa niaba yetu."

Otieno aliondoa kofia akakuna kichwa. "Na pale penye kona nani atasimama?"

"Nitasimama mimi."

"Wewe si Mzee Salim. Ulisimama kwenye pointi tukala githeri."

Tulicheka kidogo, mimi kuliko wote. Kyalo hakucheka. Aliangalia upande wa kona, kisha akainua nyusi. Nilizipokea nyusi zile kama ndiyo. Nilijua vizuri kwamba hakuwa akinitazama mimi alipoziinua, na nilijua nilichofundishwa: muulize tena. Sikumuuliza, kwa sababu nilijua angejibu nini.

Labda mnauliza kwa nini nisisimame tu pale juu ya kilima cha Mzee Salim. Nilijaribu. Lakini nilikuwa na kazi yangu pia, ya pointi, na pointi zilikuwa upande wa ndani wa kona, chini ya ukuta. Kwa hiyo nilisimama ukutani. Mwisho mmoja wa ukuta nilimwona Kyalo. Mwisho wa pili nilimwona Otieno. Wote wawili kwa pamoja sikuwaona kamwe. Nilichukua ndiyo ya Kyalo upande huu, nikaibeba hadi upande wa pili, nikampa Otieno. Mzee Salim alikuwa ameniambia habari hiyo inaitwaje.

Nilijitungia kinga yangu. Nikifika mwisho wa pili, nilirudi nyuma haraka nimtazame Kyalo mara nyingine, halafu nikimbie kwa Otieno na kuinua mkono. Otieno alizoea kunisubiri. Alikuwa anatoa kichwa dirishani na kunichekelea, "Umesahau nini tena, Mulwa, umesahau kofia?" Haikuwa salama, lakini ilipunguza ule muda ambao sikuwa naona. Na kila nilipouinua mkono nilibana pumzi. Honi ililia, chuma kikagonga chuma, na mimi ningali nimebana pumzi, mpaka nisikie filimbi ya Kyalo kutoka ng'ambo ya kona. Ndipo nilipumua. Nilifanya hivyo siku nzima, kila siku. Nilirudi nyumbani kifua kinaniuma kama mtu aliyebeba magunia.

Kyalo naye alikonda. Alikaa nasi, alilala upande wa jikoni nyuma ya pazia. Alianza kuacha chakula. Siku ya Jumapili alitoa visu vyake vya kuchongea, akavinoa, akavirudisha bila kuchonga kitu.

Mwende aliliona. Alisubiri mdogo wake aende kuchota maji, akaniuliza akiwa ananitazama huku mkono wake ukiendelea kupakua mboga.

"Baba Mumo, Kyalo ana nini?"

"Uchovu tu."

"Ananiambia anataka kuacha, arudi kuchonga. Sijui nimwambie nini. Pale kazini ni salama?"

Mwende hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Akiuliza, alitaka jibu moja alitumie. Nilifikiria kile kitanda cha jirani nje, na watoto juu yake. Kyalo akiacha tutabaki wawili, na watu wawili si kikosi, tungevunjwa sote. Nilijaza ugali mdomoni, nikatikisa kichwa. Ndiyo. Ni salama.

"Basi nitamwambia akae," alisema.

Akamwambia, naye akakaa. Kyalo alimsikiliza dada yake kuliko mtu yeyote.

Naandika sehemu inayofuata polepole. Mnivumilie.

Ilikuwa mchana, mvua nyembamba ya kukera, ile inayofanya reli zing'ae na viatu viteleze. Ghala moja lilikuwa linangoja mbolea, na malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani, madereva wao wakipiga honi. Mdosi alikuja mwenyewe kwa miguu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akajibanza chini ya ukuta wangu kujikinga mvua, mikono mfukoni, akinitazama ninavyofanya kazi. Hakuwahi kutuona tukifanya watatu.

Nilikuwa mwisho wa ukuta upande wa Kyalo. Nilimwona akitoka katikati ya mabehewa mawili, akasimama kando ya reli, akainua mkono. Ulisimama wima, umetulia, mkono wa kufundishia. Nikainua wangu kumjibu kwamba nimemwona. Nikaanza kutembea kwenda upande wa Otieno.

"Amekubali?" Mdosi akaniuliza nilipompita.

"Amekubali."

Nikafika mwisho wa pili. Otieno alikuwa ametoa kichwa, mvua inamdondokea puani, ananisubiri nifanye mchezo wangu wa kurudi. Nikageuka nirudi.

"Unaenda wapi?" Mdosi akasema. "Si umesema amekubali?"

"Ndiyo, mkubwa, nilitaka tu nimwangalie mara—"

"Kila behewa mnafanya hivi? Ndiyo maana malori yamejaa mpaka barabarani. Watatu hamwezi?"

Hilo swali la mwisho nililielewa. Lilikuwa ni lile lile la mkate na chai, na jibu langu alikuwa nalo. Kama watatu hatuwezi, basi nilidanganya, na anayedanganya jina lake huitwa. Nilikuwa karibu sana na kona. Ningepiga hatua chache tu nimwone Kyalo. Niliinua mkono. Wima, umetulia. Otieno alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akanyanyua kidevu, akapiga honi fupi. Nikabana pumzi.

Chuma kikagonga chuma. Nikasubiri filimbi.

Nikasubiri. Mdosi alikuwa ananiambia kitu kuhusu malori na sikukisikia. Niliona midomo yake ikienda. Kisha nilianza kukimbia, na nilipokuwa nakimbia nilikuwa nimeshajua, miguu ilijua kabla yangu.

Kyalo alikuwa amerudi ndani. Alipokwisha kuinua mkono nami nikageuka, alisikia hewa inavuja kwenye mpira wa breki. Akarudi kuufunga, kama nilivyomfundisha. Alipokuwa anaingia alipishanisha mikono juu ya kichwa. Mpakizi mmoja aliyekuwa mlangoni mwa ghala alimwona na alikuja kutuambia hivyo baadaye, akilia. Kyalo alitoa ishara kama inavyotakiwa. Hapakuwa na mtu wa kuiona. Mpira wenyewe tuliukuta umefungwa vizuri kabisa, hauvuji.

Alikufa palepale. Watu waliniambia hivyo ili wanifariji, na naamini ni kweli, kwa sababu niliuona uso wake, na nyusi zilikuwa zimetulia.

Walikuja mabwana wenye tai kuuliza maswali. Walituketisha ofisini kwa Mdosi, wakawa wapole. Nani aliinua mkono? Mimi. Ulikuwa unamwona? Hapana. Nani alisema watu watatu wanatosha? Mdosi akajibu, bila kiburi chochote, "Nilimuuliza Mulwa. Alisema sawa. Sikumlazimisha." Wakanigeukia. Ningeweza kuwaeleza mengi: jinsi karani alivyokohoa mlangoni, kitanda cha jirani, ule mkate. Lakini alichosema Mdosi kilikuwa kweli, kila neno. Hakunilazimisha. Nikatikisa kichwa kukubali, wakaandika. Otieno aliketi pembeni akitazama viganja vyake. Tulipotoka aliniambia, "Niliona umeacha kurudi. Nikasema labda leo umemwona kutoka hapo. Nami ningekataa kupiga honi, Mulwa. Ningekataa." Hakunilaumu. Aligawana nami, na sikustahili mgao huo. Aliomba kuhamishwa, akaenda zake Kisumu.

Tulimzika Kyalo kwao Kitui. Mama mkwe wangu hakunisalimia wala hakunifukuza. Mwende alibaki pale na mwanetu Mumo, akasema atakuja baada ya siku za matanga. Nikarudi Makongeni peke yangu, nikafagia nyuma ya lile pazia. Visu vya kuchongea vilikuwa pale, vikali.

Siku za matanga zikapita, hakuja. Nikamtumia ujumbe kwa watu wa kwao. Wakarudi na jibu kwamba amesikia. Mwishowe nikaenda mwenyewe, na wajomba zake wakaitisha kikao. Tuliketi kwenye viti vya kuazima chini ya paa la mabati. Niwaeleze desturi moja, maana huenda nyinyi wa mjini hamjaiona ikifanywa vizuri. Mwanamume anapokwenda kuposa, binti huitwa mbele ya wazee, naye haulizwi kama anapenda. Huulizwa, "Hawa wageni unawajua?" Akijibu anawajua, hiyo ndiyo ndiyo yake, na chakula kinaletwa. Mwende alishanijibu hivyo miaka mingi kabla, mbele ya wajomba hao hao, akitabasamu na kutazama chini.

Siku hii mjomba mkubwa alimwita kutoka jikoni. Alikuja akipangusa mikono kwa leso. Alikuwa amekonda, lakini alisimama wima.

"Mwanangu," mjomba akasema, "kuna mgeni hapa amekuja kukuchukua. Unamjua?"

Mwende alinitazama. Alinitazama usoni, muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na kukikosa.

"Nilimuuliza kama ni salama," alisema. "Akatikisa kichwa." Kisha akamgeukia mjomba wake. "Simjui."

Akarudi jikoni. Mjomba alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, akasema niende salama.

Nilibaki kazini. Mdosi alinitunza, sitasema uongo. Jina langu halikuitwa mwaka ule wala uliofuata. Liliitwa baadaye, pamoja na la Mdosi mwenyewe, wakati yadi karibu yote ilipofungwa, na nyumba ya Makongeni nikaitoa kama wengine. Mumo alikulia kwa bibi yake. Ni mtu mzima sasa, ana watoto ambao sijawaona. Mwende hakuolewa tena wala hakurudi. Alifariki miaka michache iliyopita, na habari za mazishi zilinifikia alipokuwa ameshazikwa.

Nilisema "sawa" ili nisipoteze kazi na nyumba, na vyote viwili nilivipoteza hata hivyo. Lakini hivyo sivyo ninavyovihesabu. Ile sawa ilimuua Kyalo, aliyenifuata kwa sababu nilimwita. Ilinichukulia Mwende, na ikanichukulia mwanangu. Naishi peke yangu hapa ghorofa ya tatu, na hiyo ndiyo bei niliyolipa.